Bakuli la Ijumaa na Kopo la Paka

Mke wangu alipofariki, aliyegoma kula nyumbani kwetu ni paka.

Mimi nilikula. Majirani walileta pilau, wali wa nazi, maandazi, na kila kilichowekwa mbele yangu nilikimaliza, kwa sababu niligundua kwamba mtu mwenye chakula mdomoni hasemeshwi sana. Paka yeye hakuwa na haja ya adabu hiyo. Alikaa uani kando ya jiko la mkaa lililozimwa, miguu ameikunja chini ya kifua, akangoja sufuria ya mke wangu. Sufuria haikuja. Nilimwekea mabaki ya mchuzi wangu, akanusa, akatikisa mguu mmoja kama aliyekanyaga maji, akarudi jikoni kungoja.

Tunaishi Kariakoo, katika mojawapo ya nyumba chache za zamani ambazo bado hazijageuzwa ghorofa. Ina ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Mwenye nyumba ni mama wa Kiarabu aliyenizidi umri, na babu yake ndiye aliyeijenga. Anakaa vyumba vya mbele. Mimi na mke wangu tulipanga chumba cha nyuma tangu tulipotoka Masasi tukiwa vijana, Wakristo wawili wenye godoro na cherehani. Cherehani niliruhusiwa kuiweka barazani, na hadi leo iko pale pale.

Mke wangu aliuza supu asubuhi kwenye uchochoro wa nyuma. Wateja wake walikuwa wachukuzi wa sokoni, watu wanaoanza kubeba magunia kabla jua halijachomoza. Alichemsha utumbo, moyo, maini, figo, mapupu, na kichwa cha mbuzi siku alizokipata. Paka ndiye aliyekuwa mkaguzi. Alipita kila sufuria, akanusa, akakaa. Kwa hiyo mke wangu alimwita Bwana Afya, na wachukuzi walikuwa wakiuliza kabla ya kukaa kwenye benchi, "Bwana Afya keshapitisha?"

Sasa niseme habari ya bakuli, maana yote yaliyotokea yalitokana nalo. Ni bakuli la bati lenye maua mekundu, lina mfuniko wake unaobana vizuri. Kila Ijumaa mke wangu alilijaza supu kabla hajamuuzia mtu, akaliweka kwenye friji ya mama mwenye nyumba iliyoko ukumbini. Mama akimaliza swala ya adhuhuri alilitoa, akapasha moto, akala. Jioni bakuli lilirudi mlangoni kwetu limeoshwa na limejaa kitu: kaimati, tende, siku nyingine sambusa za nyama. Halikurudi tupu hata mara moja.

Mtu asiyekaa nyumba kama yetu anaweza kuona ni jambo dogo. Lakini mama yule hali nyama asiyojua imechinjwa na nani, na sisi ni Wakristo. Mke wangu alilijua hilo bila kuambiwa. Alinunua nyama kwa muuza utumbo mmoja tu, Mwislamu ambaye machinjo yake yanajulikana, na kitimoto, yaani nguruwe, haikuvuka mlango wa ua ule miaka yote. Mimi kitimoto nimekula, sitaki kudanganya, lakini nilikula huko huko baa, na nikirudi nilikuwa naambiwa ninawe mikono kabla sijashika bomba. Mama mwenye nyumba alikuwa anafungua lile bakuli bila kuuliza neno. Sijui kama kuna heshima kubwa kuliko hiyo ambayo mtu anaweza kumpa mwenzake jikoni.

Basi, paka alikonda mpaka mbavu zikaonekana. Nilimletea dagaa wa kukaanga, akalamba mmoja, akaacha. Nilikuwa nimeshona mapazia ya mtu Upanga, na siku ya kuyapeleka nikaona duka la vyakula vya wanyama, lina picha ya mbwa mlangoni. Niliingia nikiona aibu kidogo. Ndani kulikuwa na mama wa Kihindi na rafu zilizojaa makopo. Nilimwambia kwamba paka wangu amegoma kula. Alinipa kopo lenye picha ya kuku, akasema nijaribu.

Nilipolifungua uani, nilishangaa. Nilitegemea uji mbaya wa samaki. Mle ndani mlikuwa na vipande vya nyama vya mraba, vyote saizi moja, ndani ya mchuzi mzito wa kahawia. Ukiweka kwenye sahani na kipande cha limau, unamkaribisha mgeni. Bwana Afya alinusa, akanitazama, akanusa tena, kisha akala kwa kelele kama mtu mwenye mafua. Nilikaa kwenye kigoda cha mke wangu nikamwangalia, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilijikuta natabasamu peke yangu.

Alikula nusu, akashiba. Ilikuwa Ijumaa karibu na adhuhuri, joto limepanda, na mama wa dukani alikuwa amenionya kwamba kopo likishafunguliwa lisiachwe nje. Nilitafuta chombo chenye mfuniko ambao sisimizi hawapiti. Kwenye rafu ya mke wangu kilikuwepo kimoja tu. Nikamimina vile vipande kwenye bakuli lenye maua mekundu, nikafunika, nikaenda ukumbini. Mama alikuwa juu ya mswala, anaswali. Mtu akiswali hasemeshwi. Nikafungua friji taratibu, nikaweka bakuli pale lilipokuwa likiwekwa siku zote, nikafunga, nikarudi kwenye cherehani yangu nikiwa na nia ya kumweleza akimaliza. Mteja akaja na suti ya kupunguza. Nikasahau.

Wanawake wanaosoma haya wameshajua kilichofuata. Mimi sikujua mpaka alasiri, nilipokwenda chumbani kunywa maji. Mlangoni kwangu kulikuwa na bakuli. Limeoshwa, limefunikwa. Nikainua mfuniko. Kaimati, bado za moto, zinang'aa shira.

Nilisimama pale nimeshika mfuniko. Bwana Afya alikuwa ameketi kando ya bakuli, ananitazama kama shahidi aliyeitwa mahakamani.

Nilikwenda mbele moja kwa moja. Kwa bahati mbaya mama alikuwa na wageni, wifi zake wawili kutoka Ilala, wamekaa kwenye mkeka na kahawa. Nikatoa shikamoo, wakaitikia marahaba, na kabla sijafungua kinywa mama aliwageukia.

"Huyu ndiye fundi niliyewaambia. Mkewe kafariki hata miezi haijapita, na leo Ijumaa kanikumbuka na bakuli." Kisha akaniambia mimi, "Nyama laini, fundi, haina mfupa hata mmoja. Na ulivyokata. Vipande vyote sawa, kama umepima kwa tepu. Nikasema huu mkono wa cherehani."

Wifi mmoja akauliza kama wao walibakiziwa. Mama akajibu kwamba hapana, alikula peke yake, tena alikaangia kitunguu na nyanya, akachovya mkate wa kumimina. Kasoro yake ilikuwa moja tu, haikuwa na chumvi, lakini hakunilaumu, maana mwanamume aliyefiwa na mke ataijuaje chumvi.

Wale wifi walinitazama kwa huruma kubwa. Ningesema nini mbele yao? Kumwambia mwanamke wa umri ule, mbele ya wifi zake, kwamba amekula chakula cha paka na kukisifu, ni kumpa jina ambalo Ilala nzima ingelijua kabla ya magharibi. Nikasema ahsante kwa kaimati. Nikarudi chumbani. Nilizila karibu zote, maana woga nao una njaa yake, na nikaokota lile kopo tupu nikaanza kulisoma.

Mimi nimesoma hadi darasa la saba. Kiingereza changu ni cha lebo za nguo: pamba, hariri, usipige pasi. Kuku nililiona. Neno la nyama nililiona, na mbele yake maneno ya wanyama, lakini mnyama gani hayakusema. Na hilo ndilo swali pekee ambalo mama angeniuliza. Hangeniuliza kama kilikuwa cha paka. Angeuliza nyama ya nini.

Asubuhi yake sikugusa cherehani. Niliweka kopo kwenye mfuko wa plastiki nikaenda Upanga kwa miguu, kwa sababu nilitaka muda wa kufikiri. Mama wa Kihindi alinikumbuka. Akauliza, "Paka amekula, baba?" Nikamwambia paka amekula, na mwenye nyumba wangu pia amekula. Alinitazama usoni ajue kama natania. Alipoona sitanii, aliketi chini, akajifunika mdomo na mtandio, mabega yakatikisika kwa muda. Kisha akajifuta macho, akaomba radhi, akavaa miwani, akachukua kopo.

Alinieleza bila haraka, na ninaandika hapa kama nilivyoelewa. Kuku wa kwenye picha yumo, lakini kidogo. Sehemu kubwa ni yale maneno ya wanyama wasiotajwa. Kiwanda kinanunua kinachopatikana siku hiyo: mapafu ya ng'ombe, maini ya nguruwe, figo za kondoo, shingo na migongo ya kuku. Wiki nyingine wanapata vingine. Wakitaja kila mnyama, watalazimika kubadili karatasi ya kopo kila wakati, kwa hiyo wanaandika jumla. Vyote vinasagwa, vinashikanishwa, vinakatwa mraba kwa mashine, vinatiwa mchuzi. Ule mkono wa cherehani aliousifu mama mwenye nyumba ulikuwa mkono wa mashine.

Nikamuuliza kwa nini nyama hizo na si nyama nzuri. Akasema kwa watu wanaotengeneza makopo hayo, wanunuzi wanataka mnofu. Wananunua paja, kifua, mbavu, na ndani ya mnyama wanapaacha. Vinavyoachwa ni vingi, ni bei nafuu, na paka anavipenda kuliko mnofu wenyewe. Tena vinamfaa. Paka hawezi kuishi kwa majani wala ugali kama mbwa anavyoweza kujikokota. Kuna kirutubisho ambacho mwili wake unakipata kwenye nyama tu, hasa kwenye moyo, na akikikosa muda mrefu macho yanaharibika na moyo wake mwenyewe unachoka. Samaki wanamtia kwa ajili ya harufu, maana paka anakula kwa pua kwanza. Sukari hawahangaiki nayo, paka hausikii utamu. Chumvi haitiwi kama yetu, na kitunguu hakitiwi kabisa, kwa sababu kitunguu kwa paka ni sumu.

Hapo nikamsimamisha. Nikamwomba arudie hilo la kitunguu. Akarudia.

Nilikumbuka mke wangu akiwa amesimama juu ya sufuria alfajiri, kabla hajatia chumvi, kabla ya kitunguu na pilipili, anachota kijiko cha moyo na maini na kukiweka pembeni kwenye kifuniko kipoe. Kila siku. Nilidhani ni mapenzi tu, kwamba mgeni wake wa heshima anakula wa kwanza. Na mimi baada yake nilikuwa nampa paka mchuzi wenye kitunguu na dagaa wa chumvi, halafu namwita msumbufu.

Nilirudi kwenye swali langu. Je, ndani ya kopo hili hili, nguruwe alikuwemo? Yule mama aligeuza kopo pande zote, akasoma mpaka herufi ndogo za chini. Akasema, "Baba, nikikuambia hayumo nitakuwa nakudanganya. Nikikuambia yumo pia nitakuwa nakudanganya." Alinionyesha makopo mengine ya jodari mtupu, ambayo wateja wake Waislamu wananunua ili wasiguse wasichokijua. Nikamwambia ningeyajua hayo juzi ningekuwa tajiri. Akacheka tena, kisha akanitakia heri kwa sauti ya mtu anayemuaga anayekwenda kufanyiwa upasuaji.

Njiani nilipita kwa muuza utumbo. Alikuwa akimwita mke wangu dada, kwa hiyo mimi ni shemeji yake, na kwa shemeji utani hauna mipaka. Nilimkuta anakatakata, nikamsimulia yote. Alisikiliza mpaka nilipofika kwenye yale yanayotiwa ndani ya makopo, akaacha kisu.

"Ngoja, shemeji. Moyo wanampa paka?"

Nikasema ndiyo.

"Na figo? Na bandama?"

Nikasema na mapupu.

Akawageukia wateja waliopanga foleni mbele ya meza yake, mama ntilie na sufuria, vijana wawili wa kubeba mizigo, mzee mmoja na kikapu. "Jamani, kumbe ninyi nyote ni paka. Nimekuwa nafuga bila kujua." Yule mzee akamwambia apime maini yake na aache maneno, na asipunje, maana yeye anakwaruza. Mtu mwingine akasema hapa Bongo paka akitaka maini apange foleni kama wenzake.

Wakacheka, nami nikacheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Vinavyoachwa huko na kutiwa kwenye makopo, huku vinagombewa kabla ya saa mbili asubuhi. Mke wangu alikuwa akidamka gizani kuvipata. Kilichomo kwenye kopo ni supu yake, imekosa chumvi na imekosa yeye. Ndiyo maana Bwana Afya alikula.

Muuza utumbo aliniinamia akanishauri kwa sauti ndogo. Ninyamaze. Mama keshakula, keshafurahi, hajaumwa tumbo. Nikimwambia nitampa mzigo ambao hana. Alisema kwa nia njema, na kwa muda nilimsikiliza. Lakini nilijua Ijumaa ijayo mama angefungua friji. Angeliona bakuli au asilione, na kama angeliona angelifungua bila kuuliza, kwa imani ile ile aliyokuwa nayo kwa mke wangu, na mimi ndiye ningekuwa nimeiharibu huku nimeiacha ionekane nzima. Sikuweza. Kama lingekuwa bakuli langu mwenyewe, labda.

Nilimkuta mama ukumbini anachambua mchele. Hapakuwa na mgeni. Nilikaa kwenye kizingiti, nikamwamkia, nikaanza kabla woga haujanishinda.

"Mama, lile bakuli la jana halikuwa supu. Kilikuwa chakula cha paka."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. "Cha paka huyu?"

"Cha paka huyu. Nilikiweka kwenye friji kisiharibike. Ulikuwa unaswali, sikukusemesha. Kisha nikasahau."

"Nyama ya nini?"

Nikamwambia. Kuku kidogo, na nyingine hata muuzaji haijui. Inaweza kuwa ng'ombe, inaweza kuwa kondoo, inaweza kuwa nguruwe. Nimekwenda hadi Upanga kuuliza, na hakuna anayeweza kuapa.

Akaweka ungo chini. "Marehemu asingefanya hivi," akasema.

"Asingefanya, mama."

Aliinuka akaingia chumbani, akafunga mlango. Nikasikia maji yakimiminika, anasukutua, anasukutua tena. Mimi nilibaki kwenye kizingiti. Nilikuwa nimeshaanza kufikiri nitakavyolichukua bakuli na kulifunga kwenye kanga zake mke wangu, ndani ya sanduku, lisitumike tena. Niliona ndilo lililobaki.

Alipotoka alikuwa amebadilisha ushungi. Akasema mtu aliyekula asichokijua hana dhambi, hilo ameshalimaliza na Mola wake, wala nisilikalie matanga. Lakini vyombo vina utaratibu wake. Kikiguswa na kitu kama hicho kinaoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo ni kwa udongo. Sufuria yake, sahani yake, kijiko. Akanyoosha mkono.

"Na bakuli. Lilete."

Nikalileta. Akafungua mfuniko. "Kaimati umekula?"

"Nimekula."

"Zote?"

"Zimebaki mbili."

Akazitazama zile mbili kama watoto waliotelekezwa, akaniambia nizitoe, kisha akanituma udongo. Safi, alisisitiza, usiwe wa mtaroni.

Nawaomba mjaribu kutafuta udongo safi Kariakoo. Kuna zege, kuna lami, kuna maboksi, kuna maji ya mitaro, na penye udongo kuna mtu ametandika viatu vya mtumba juu yake. Nilizunguka mitaa kadhaa na mfuko wangu mtupu. Mwisho nikaenda Mnazi Mmoja, nikatafuta mahali penye kivuli karibu na mizizi, mbali na njia, nikachuchumaa nikaanza kuchimba kwa kijiko. Muuza karanga akasimama juu yangu. Akanisalimu kwa adabu, akauliza kama napanda mti. Nikamwambia nataka kuosha bakuli. Akaniangalia, akaangalia kijiko, akasema "sawa, mzee" kwa upole sana, akaenda kuuzia karanga upande mwingine wa uwanja.

Tuliosha uani. Mama alikaa kwenye kigoda, mimi nikamiminia maji kwa kata. Alianza na sufuria, kisha sahani, kisha kijiko, na bakuli akaliacha la mwisho. Alipaka udongo ule uliolowa ndani yake, akazungusha kwa vidole kwenye kila ua jekundu, kwenye ukingo, chini ya mfuniko, mahali ambapo bati limebanduka kidogo na mke wangu alikuwa akipapitia kwa uangalifu. Mimi nilimimina.

Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alipoinua uso niliona kwamba anacheka.

"Huyu paka," alisema. "Jana wakati nakula alikaa mbele yangu ananitazama, analia, analia. Nikamwambia, pole mwanangu, najua unamkumbuka mama yako. Nikampangusa machozi, fundi. Kumbe nakula chakula chake."

Nikamwaga kata nzima ya maji miguuni kwangu. Tulicheka mpaka jirani wa ghorofa ya pembeni akachungulia dirishani. Bwana Afya alikuwa juu ya ukuta, amegeuza uso, kama kweli tulikuwa tunamsema. Mama alimnyooshea kidole chenye matope akamwambia yeye naye asikanyage mswala mpaka anywe maji mdomo wake utakasike, na akaagiza nimwekee bakuli la maji hapo hapo ili mambo yasichelewe.

Maji ya mwisho yakatoka meupe. Mama alilifuta bakuli kwa ncha ya kanga yake, ndani na nje, akalifunika, akanipa. Nikaona jepesi. Nikafungua. Halikuwa na kitu.

"Leo nalirudisha tupu," alisema. "Ulijaze wewe. Ijumaa."

Wiki ile sikushona sana. Alhamisi nilikwenda kumweleza muuza utumbo mambo yalivyoisha, na Ijumaa nilidamka nikapanga foleni na wenzangu wote wanaokwaruza. Alinichagulia moyo, maini, na utumbo uliooshwa vizuri, akaniambia ananipa vya dada yake, si vya shemeji. Niliwasha jiko la mkaa kwa mara ya kwanza. Lilinisumbua, likajaa moshi, na wachukuzi wawili waliokuwa wakipita uchochoroni walisimama wakidhani biashara imefunguliwa. Nikawaambia bado, labda, tutaona.

Nyama ilipoiva nilichota kijiko cha moyo na maini, nikakiweka kwenye kifuniko kipoe. Paka alikuwa kando ya jiko. Alinusa, akala kimya, hakuniangalia hata mara moja, na nilipenda hivyo. Ndipo nikatia chumvi, nikaona haitoshi, nikatia tena, nikakumbuka maneno ya mama kuhusu wanaume na chumvi, nikaongeza kidogo kwa usalama.

Friji sikuigusa. Nilimngoja mama atoke kwenye swala, nikamkabidhi bakuli mkononi, na nikamtajia kilichomo mmoja mmoja: moyo wa ng'ombe, maini ya ng'ombe, utumbo, tangawizi, limau, na jina la aliyechinja. Alinisikiliza mpaka mwisho kana kwamba nasoma hati ya kiwanja. Akafungua, akachovya kijiko, akaonja. Akafumba macho kidogo.

"Chumvi imezidi," alisema, akavuta kiti, akaendelea kula.

Jioni nilikuta bakuli mlangoni. Kaimati zimejaa mpaka mfuniko hauketi sawa, na juu yake kuna karatasi iliyokunjwa yenye nyingine mbili ndani. Mama alipaza sauti kutoka ukumbini kwamba zile za kwenye karatasi ni za Bwana Afya, kumfidia. Nikapaza sauti kumshukuru. Paka hausikii utamu, mama wa Upanga alishanieleza, kwa hiyo nilikaa kwenye kigoda cha mke wangu, paka miguuni, nikazila mimi kwa niaba yake.